Siku Hiyo Sikugusa Kamba

Papa Kalenga alipokufa, walinipigia simu wakasema: njoo kwenye kilio, mzee aliyekufundisha kazi ametutoka. Nikafunga kitambaa cheusi kichwani nikaenda. Sikwenda kulia. Nilikwenda kusikia watasema nini. Walikuwa wametandaza turubai la bluu kutoka ukuta wa nyumba hadi ng'ambo ya ua, viti vya plastiki vimejaa, na wanawake wa kwaya wamevaa kitenge kilichochapwa picha yake, ile picha ya ujana wake akiwa na shati la kaki na kofia ya jua. Mchungaji akasimama na kipaza sauti. Akasema marehemu alikuwa baba wa miti ya Likasi. Akasema kila mtu anayepita barabarani mchana na kupata kivuli amshukuru Mungu kwa mikono ya mtu huyu. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi mapajani, nikaiweka chini ya kiti. Mikono ile ninaijua. Ninajua ilichofanya, tena ninajua ilivyofukia ilichofanya.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamjibu kwamba nilifanya kazi naye mwaka mmoja nilipokuwa msichana. Akaniangalia usoni, kisha akanitazama mikono, mikono yangu ambayo haijawahi kuwa ya mwanamke wa ofisini. "Ah," akasema taratibu, "weye njo ule mwanamuke wa kamba." Halafu akavuta kiti chake kidogo pembeni. Watoto waliozaliwa wakati ule leo wana watoto wao, na bado mimi ni yule mwanamke wa kamba. Basi nitaueleza mwaka ule jinsi ulivyokuwa. Wengine wameusimulia vya kutosha bila mimi.

Alinikuta sokoni. Kazi yangu ilikuwa kufunga magunia ya makaa juu ya baiskeli za wanaume waliokuwa wakiyasambaza mitaani. Baiskeli moja inabeba magunia hata kumzidi mwenyewe kimo, na fundo likilegea kwenye mteremko, mtu anakufa au anamwaga mali ya mwezi mzima. Mzigo wangu haukumwagika. Papa Kalenga alisimama pale kwa muda, suruali yake imenyooshwa kwa pasi, akiangalia vidole vyangu kama fundi saa anavyoangalia saa ya mwenzake. Alikuwa amesoma agronomia, tena akaielewa. Hakuwa mtu wa cheti tu. Alikuwa na kikundi chake cha kutunza miti: kupunguza matawi juu ya mapaa, kuondoa miti iliyokufa, kusafisha miti iliyogusa nyaya za umeme. "Binti," akaniambia, "ile fundo unafunga, nani alikufundisha?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Kuya kesho asubuhi ku depo yangu. Minye niko na bantu ba kupanda juu ya miti, lakini sina muntu wa kushika kamba."

Depo ilikuwa gereji ya zamani nyuma ya nyumba yake, sakafu nyeusi kwa mafuta ya misumeno, na kamba zimetundikwa kwenye misumari mirefu, kila moja na msumari wake. Ukiingia asubuhi ya Juni, baridi ya Likasi ikikata masikio, harufu ya kwanza ni petroli, ya pili ni vumbi la mbao, ya tatu ni mchaichai, kwa sababu Mama Kalenga alikuwa anatuletea chai ya mchaichai na mikate ya mafuta ikiwa bado inachoma vidole. Tulikuwa tunakunywa tumesimama. Kabwe, aliyekuwa mpandaji wetu, alikuwa anachovya mkate kwenye chai mpaka unakatika na kuzama, kisha anautafuta kwa kijiko huku anaulaumu. Alikuwa mwembamba, mwepesi, anapiga mluzi akiwa juu kana kwamba ameketi kwenye kiti cha baba yake. Mke wake, Odile, alitokea Kapolowe, na kila alipotembelea kwao alirudi na samaki, tukamla mchana na bukari na majani ya viazi, wote sahani moja, Papa Kalenga pamoja nasi. Nayasema haya ili mjue kwamba nilipapenda. Ningekuwa sikupapenda, hasira yangu isingedumu hivi.

Kwa maana yule mzee alijua kufundisha. Alinipeleka chini ya mwembe wa shule moja, akanishika mkono na kuuweka mahali tawi linapoungana na shina. "Sikia hapa," akasema. "Inavimba kidogo. Hii njo shingo ya tawi. Ukate mbele ya shingo, muti itafunga kidonda yake yenyewe. Ukate ndani ya shingo, maji itaingia, na itaoza mupaka ku roho." Nilimuuliza ni dawa gani tupake kwenye kidonda ili kipone. Akacheka bila kunidharau. "Muti haiponaka, binti. Muntu njo anaponaka. Muti inafungaka. Kile kidonda kinabakia mule ndani maisha yote, muti inajenga ukuta tu, inaendelea." Alinifundisha kwamba tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kutoka chini, kidogo, ili ganda lisichanike, kisha kutoka juu, mbele kidogo, na mwisho kile kisiki kinachobaki. Alinifundisha kuzungushia kamba shina ili msuguano ubebe uzito, sio mabega yangu. Kuosha kamba na kuianika kivulini, kwani jua linaila. Kuipitisha yote mkononi kabla ya kazi, pima kwa pima, kutafuta uzi uliokatika.

Alinifundisha pia kuusikiliza mti. Alikuwa na nyundo ya mbao, anagonga shina kuanzia chini akizunguka, na sisi tumenyamaza. Mti mzima unajibu kwa sauti fupi, nzito. Mti uliooza ndani unajibu kama ngoma. Uyoga ukiota kwenye kitako cha mti, alisema, usifurahie mboga, ule ni ugonjwa umeshatoka nje kujitangaza. Mizizi haiendi chini sana kama watu wanavyodhani. Inakwenda pembeni, karibu na uso wa ardhi, kupita hata mwisho wa matawi. Kwa hiyo mtu anayechimba mtaro karibu na mti anakata miguu yake. Na ardhi ikipasuka upande mmoja wa mti baada ya mvua, usisimame upande wa pili, wala usipande. Haya yote aliyasema kwa mdomo wake. Leo hii ninapowafundisha vijana wangu, maneno yanayotoka kinywani mwangu ni yake, na kila nikiyasikia yanatoka, nakasirika upya.

Mwishoni mwa kiangazi nilikuwa naosha kamba nyuma ya jikoni yake, mikono imo kwenye beseni la povu, dirisha li wazi. Ndani, Mama Kalenga alikuwa amepika kuku, jambo ambalo si la kila siku, maana kulikuwa na mgeni. Nilimfahamu kwa sauti: tajiri aliyekuwa ananunua mawe ya shaba kutoka kwa wachimbaji, aliyejenga depo kubwa kwenye barabara yenye jakaranda za zamani. Malori yake yalishindwa kukunja kona kuingia langoni kwa sababu ya miti. Alishaiomba leta, yaani serikali, ruhusa ya kuikata, akanyimwa. Nilimsikia anavunja mfupa, anafyonza, anauliza sasa wafanyeje. Na nikamsikia Papa Kalenga akijibu, sauti ileile ya kufundisha, polepole, bila haraka. "Muti muzima, leta inakatazaka kuikata. Muti mugonjwa, leta yenyewe itakuya kukuomba uiangushe." Tajiri akauliza ugonjwa unatoka wapi. Papa Kalenga akasema, "Ile, uniachie minye."

Nilibaki nimeinama juu ya beseni. Nilijiambia sikusikia vizuri. Wiki iliyofuata vibarua wasio wa kikundi chetu walichimba mtaro wa bomba la maji mbele ya depo ile, karibu kabisa na mashina, upande wa barabara, ingawa upande wa pili ulikuwa wazi. Sisi tulikuwa na kazi ya laini ya umeme kuelekea Mwadingusha, hatukuwepo; Papa Kalenga peke yake alibaki mjini. Tuliporudi mtaro ulishafukiwa na udongo umepandishwa kuzunguka vitako vya miti, umeshindiliwa vizuri kama tuta la viazi. Ikaja Oktoba. Jakaranda zile zikachanua kuliko zote mjini. Zambarau tupu, hakuna kijani, barabara nzima imefunikwa maua. Maharusi walikuwa wanakuja kupigwa picha pale, wanawake wanainua magauni wasichafue. Nilimwambia Papa Kalenga kwamba sijawahi kuona uzuri kama ule. Akaingia kwenye gari. Baadaye nilielewa kwamba mti unaokufa hujitupa wote kwenye maua, unaacha mbegu kabla ya kuondoka. Yeye alilijua hilo tangu shuleni. Aliwaangalia maharusi wale wakicheka chini ya miti ile, na alijua.

Mvua zikaanza, miti mingine yote ikavaa majani, ile ya mbele ya depo ikabaki mifupa. Jumapili moja baada ya ibada nilimshika Kabwe mkono tukaenda. Nikapiga magoti nikafukua tuta kwa vidole. Chini ya udongo, ganda la mti lilikuwa limekatwa pete, limezunguka shina lote, upana wa kiganja, safi, kazi ya mtu anayejua kina cha kisu. Mti chakula chake kinapita kwenye ganda; ukilikata pete umeufunga koo. Nikahamia wa pili, ni hivyohivyo. Upande wa mtaro mizizi minene kama paja ilikuwa imekatwa na kuachwa. Kabwe alitazama, mluzi umemkauka. "Feza," akasema, "rudisha udongo."

"Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Rudisha udongo. Odile iko na mimba. Minye nikitoka kwa Papa Kalenga, naenda kuchimba mu mashimo na bale bengine. Weye unataka nife mule?"

Sikurudisha udongo. Kesho yake asubuhi, chai ikiwa mkononi, nilimuuliza Papa Kalenga mbele ya kila mtu ni nani aliyezifunga koo zile jakaranda. Hakukasirika. Mtu akikasirika unajua kwamba umemgusa. Yeye alimaliza chai yake, akakisuuza kikombe, akakigeuza juu ya meza. "Binti, ile kamba mupya unashika, ilitoka wapi? Misumeno ilitoka wapi? Ile samaki munakula hapa?" Kisha akanikaribia, akasema kwa upole kabisa, "Nilikufundisha macho. Sikukufundisha mudomo."

Ningemsamehe mjinga. Nimeshaona wajinga wengi katika kazi hii, watu wanaokata mti kichwa wakidhani wanaupunguza, wanaowasha moto kwenye shina kwa ajili ya nyuki, wanaopaka vidonda rangi ya nyumba. Unakaa nao, unawaeleza, wengine wanasikia. Lakini yule aliyenishika mkono akauweka juu ya shingo ya tawi ili niihisi, ndiye aliyeshika kisu. Alitumia elimu ileile. Ndiyo maana watu wakiniambia niache, ni miti tu, na Papa Kalenga alikuwa na watoto wa kusomesha, huwa siwajibu. Wanadhani nalilia miti.

Februari ilinyesha wiki nzima bila kupumzika. Ruhusa ilikuwa imeshatoka. Nani angekataa, miti ilikuwa imekufa mbele ya macho ya mji. Mingine tuliiangusha bila shida. Ukabaki ule mkubwa wa pembeni kabisa, uliokuwa umeinamia ukuta wa depo na nyaya za umeme. Huo haungeweza kuangushwa kutoka chini. Ulitakiwa kushushwa vipande vipande, mtu akiwa juu, kila kipande kwenye kamba. Tulipofika asubuhi, ardhi nyuma ya mti ilikuwa imepasuka. Si ufa mkubwa, ungeingiza kidole. Udongo ulikuwa umeinuka kidogo kama mkate unaoumuka. Tajiri alikuwa amekaa ndani ya gari lake ng'ambo ya barabara, mashine inanguruma, vioo vimefungwa.

Papa Kalenga alitoa nyundo yake ya mbao. Akagonga. Nilikuwa nimesimama karibu naye, kwa hiyo hakuna atakayeniambia sikusikia. Ulijibu kama ngoma. Akasogea, akagonga tena, chini zaidi, na ukajibu vilevile. Nilimwangalia uso. Kwa mara moja tu, kama mtu anayefungua mlango na kuufunga, niliona hofu ikipita. Kisha akaangalia lile gari, akarudisha nyundo kwenye mkoba.

"Iko muzuri," akasema. "Kabwe, panda."

"Papa, umeisikia," nikasema. "Iko tupu ndani, na mizizi ya huku hakuna. Ardhi imepasuka. Tuombe lori ya winchi, Kabwe afungwe ku winchi, hapana ku ile muti."

"Patron hawezi kungoya winchi. Shika kamba."

"Minye sishike."

Nilimgeukia Kabwe. Alikuwa ameshavaa mkanda wake wa kupandia, anajishughulisha na kufuli lililokuwa tayari limefungwa. Nikamwambia, kama mdogo anavyomwita kaka yake, "Yaya Kabwe, usipande. Ile muti itakuya na weye." Akaniangalia kidogo tu. Akasema, "Feza, iko leo tu. Ya mwisho." Nikavua glavu zangu nikaziweka juu ya ukingo wa barabara, nikavuka hadi upande wa pili, nikasimama mahali ambapo wote walikuwa wananiona. Kamba aliishika Papa Kalenga mwenyewe. Watu wa barabara ile walimwona. Wachuuzi wa kona walimwona. Tajiri ndani ya gari alimwona.

Kabwe alikata matawi ya kwanza bila tatizo, yakashuka taratibu. Kisha akalikata lile kubwa la upande wa ukuta, kamba ikakaza kwa nguvu, mti ukatikisika. Nikasikia kutoka ardhini sauti kama ya kitambaa cha zamani kinachochanwa. Mti haukuanguka haraka. Mwanzoni uliinama polepole sana, kama mtu anayeangalia kitu miguuni pake, na Kabwe amefungwa nao, hana pa kwenda. Halafu ukaenda wote. Nyaya zikakatika, ukuta wa depo ukalala. Nilifika kwanza. Alikuwa hai chini ya matawi, uso mweupe kwa vumbi la chokaa, ananiangalia. "Feza," akasema, "sisikie miguu." Mimi na wachuuzi wale ndio tuliomtoa, tukikata tawi baada ya tawi, na kati ya kila mkato nilikuwa naangalia nyuma. Papa Kalenga alikuwa amesimama palepale, kamba mikononi, hajaiachia.

Hospitali walimlaza Kabwe katika chumba cha watu wengi, dirisha linatazama ua ambako jamaa za wagonjwa walikuwa wanapika kwenye mbabula, yale majiko ya makaa. Moshi uliingia, na harufu ya sombe ya majani ya muhogo, na mazungumzo. Papa Kalenga alilipia kila kitu, kitanda, dawa, chakula. Alikuja kila siku akiwa na mchele na matunda, anasalimia wauguzi kwa majina. Na ni katika ua ule, nikiwa nimeinama kuchochea makaa ya Odile, nilipowasikia wanawake wawili nyuma yangu. Mmoja alikuwa anamweleza mwenzake habari za yule mpandaji. Alisema kulikuwa na msichana kwenye kikundi, akashika kamba akiwa katika siku zake, na mti ukakasirika. "Shef wake njo alisema. Alimukataza, musichana hakusikia." Mwenzake akauliza ni yupi. Nikainuka, nikageuka, nikawaacha wanione vizuri. Lakini hadithi ilikuwa imeshatoka uani, na ilikuwa inakwenda kwa miguu myepesi kuliko yangu.

Nilikwenda kwenye kitanda cha Kabwe. Odile alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, tumbo limemjaa mapajani. Nikamwambia Kabwe, "Waambie. Weye ulikuwa kule. Waambie nani alishika kamba." Alikuwa anajua kwamba mchana Papa Kalenga atakuja na mchele. Alikuwa anajua kwamba bila Papa Kalenga angetolewa kitandani. Yote haya nilikuwa nayajua pia, sikuwa mtoto. Hata hivyo nilingoja neno moja. Kabwe akageuza uso ukutani. Odile alishika ncha ya kitenge changu, kisha akaiachia.

Kanisani waliniomba nisimame mbele nikiri. Sikusimama, kwa hiyo wakaomba bila mimi, kwa jina langu, kwa sauti kubwa. Kijana mmoja akatupa jiwe juu ya bati la nyumba nilimopanga, mwenye nyumba akaja akiwa na aibu, akaniambia nitafute mahali pengine. Nikahamia Kambove, nikawapikia wachimbaji bukari na maharage, mikono inanuka moshi badala ya petroli. Huko siku moja mti uliegemea darasa, hakuna aliyejua la kufanya. Nikaomba kamba. Kutoka hapo sikurudi tena jikoni. Miaka ikapita, nikarudi Likasi na kikundi changu, na leo ukimwona mtu amening'inia juu ya mti katika mji huu akifanya kazi kwa usalama, huenda ni mtu wangu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nasema kwa sababu mchungaji alimpa Papa Kalenga kivuli chote cha mji, na mimi nilikuwa nimekaa pale.

Baada ya mchungaji walisoma majina ya watakaotoa ushuhuda. Wa mwisho alikuwa Kabwe. Walimsukuma kutoka upande wa nyuma kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono, mvi zimemjaa, mabega mapana ajabu juu ya miguu iliyokauka. Mkubwa wa familia alimtambulisha: huyu ni mwana ambaye marehemu alimlea baada ya ajali, akamfungulia kibanda cha biashara, akamsomeshea mtoto wa kwanza. Wakampa kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili.

"Papa Kalenga alinilipia opital," akasema. "Alinifungulia kibanda. Ile yote njo kweli, Mungu amupokee." Watu wakaitikia. Hakurudisha kipaza sauti. "Lakini ile siku ya muti, Feza alinikataza kupanda. Alisema muti itaanguka. Feza hakushika kamba. Kamba alishika Papa Kalenga."

Mama Kalenga, kwenye mkeka wake kati ya wajane wenzake, aliinamisha kichwa. Sikuona mshangao wowote juu yake. Mchungaji akafanya ishara kwa vidole, kwaya ikaanza wimbo kabla ya wakati wake, sauti za juu zikiwahi sauti za chini, mtu akamnyang'anya Kabwe kipaza sauti kwa heshima. Nilisubiri moyo wangu utulie. Kwa miaka mingi nilikuwa naamini kwamba siku maneno hayo yatakaposemwa mbele ya watu, kitu fulani kitatoka kifuani mwangu. Hakikutoka. Nikaona hasira imebadilisha kiti tu, imekaa karibu zaidi.

Nilimkuta langoni anajaribu kuivusha baiskeli kwenye kizingiti. Nikainua gurudumu la mbele, ikapita. Tulisimama barabarani, wimbo bado unasikika nyuma yetu.

"Juu ya nini leo?" nikamuuliza.

"Juu amekufa."

"Njo ile tu?"

"Alikuwa ananilisha, Feza. Minye na batoto. Ningesema nini, na mudomo ikiwa na chakula yake ndani?"

"Na minye nani alinilisha?"

Aliangalia mikono yake juu ya usukani, mikono iliyofanya kazi ya miguu miaka yote ile. Sikumwonea huruma wakati huo, na sitadanganya hapa kwamba nilimwonea. Nilimwambia kwamba amechelewa. Nilimwambia kwamba amesema mbele ya maiti kile alichopaswa kukisema mbele ya mtu, na kwamba maiti haiwezi kujibu, kwa hiyo hata hapo bado amemkinga Papa Kalenga. Alisikiliza yote, kichwa kimeinama. Nilipomaliza akasema, "Uko na hasira bado."

"Niko nayo."

"Itaisha siku gani?"

Barabara ya kwao inapanda, na mvua ya asubuhi ilikuwa imeigeuza tope. Mikono yake peke yake isingeifikisha ile baiskeli juu. Nikazunguka nyuma, nikavua viatu, nikaweka viganja kwenye mgongo wa kiti chake, nikasukuma, na hasira yangu yote nikaitia mabegani.